Barua za Waayalandi Waliovuka Bahari: Kweli au Si Kweli?

Kati ya mwaka 1801 na 1921, watu takriban milioni 8 waliondoka Ayalandi. Idadi hiyo ni karibu sawa na wakazi wote waliohesabiwa kisiwani katika sensa ya 1841. Wengi walikwenda Marekani, wengine Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, hata Argentina. Waliobaki nyumbani waliwajua watoto wao wakubwa kwa barua tu, na wajukuu wao wengi hawakuwaona kamwe.

Barua hizo zimeimbwa, zimeigizwa na kutajwa katika hotuba nyingi za majonzi. Majonzi yalikuwepo, hakuna wa kuyakana. Lakini tukisoma machozi peke yake tunawapunja walioandika. Barua zilikuwa na shughuli nzito: ndizo zilizolipa kodi ya shamba, zikapanga nani asafiri mwaka ujao, zikasuluhisha ugomvi wa urithi na kutangaza misiba. Yafuatayo ni madai tisa yanayosikika mara kwa mara kuzihusu, na ukweli wa kila moja.

Dai la 1: Barua hizi zilianza na Njaa Kuu

*Si kweli.*

Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoletwa na ugonjwa wa viazi na kuzidishwa na siasa za wakati ule, iliua watu wapatao milioni 1 na kuwaondoa wengine zaidi ya milioni 1. Ndiyo iliyoifanya barua kutoka ng'ambo kuwa kitu cha karibu kila kijiji. Hata hivyo, karne nzima kabla yake, Wapresbiteri wa jimbo la Ulster na Wakweka (Wakristo wa madhehebu ya Quaker) walikuwa wameshavuka bahari na walikuwa wakiandika nyumbani.

Mwaka 1725 Robert Parke, Mkweka aliyehamia Pennsylvania, alimwandikia dada yake Mary Valentine huko Ayalandi. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba familia yake inajuta kuhama. Parke aliukanusha, kisha akaingia katika mambo yenye faida kwa msomaji: bei ya ardhi, ujira wa vibarua, na ushauri wa safari kwa atakayewafuata. Sura ya barua ya mhamiaji ilikuwa imeshakamilika miaka 120 kabla ya viazi kuoza.

Dai la 2: Maskini wasiojua kusoma hawakuwa na barua

*Si kweli.*

Sensa ya 1841 ilionyesha kwamba asilimia 53 ya watu wenye umri wa miaka 5 na kuendelea hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1911 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 12, kwa sehemu kubwa kutokana na shule za taifa zilizoanzishwa mwaka 1831. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na mamilioni ya wazazi wasioweza kushika kalamu ambao watoto wao walikuwa mbali.

Wazazi hao waliandikiwa. Mwalimu wa shule, paroko, jirani au mtoto aliyefika madarasa ya juu aliketi na karatasi, mzazi akasema, yeye akaandika. Kisa kinachojulikana sana ni cha wazazi wa Kilkelly, katika wilaya ya Mayo, waliokuwa na mwana Marekani. Kwa zaidi ya miaka 30, kuanzia 1858, mwalimu wa kijijini ndiye aliyewaandikia. Barua hizo zilihifadhiwa na kizazi cha huko Marekani, na karne moja baadaye vitukuu waliozigundua wakazitungia wimbo.

Hili linabadilisha namna ya kuzisoma. Ukikutana na Kiingereza safi na maneno ya heshima mno, huenda unamsikia mwalimu. Kazi ya msomaji ni kumtafuta mama aliye nyuma ya kalamu hiyo: katika jina la ng'ombe aliyeuzwa, katika swali linalorudiwa mara tatu, katika dua ya mwisho.

Dai la 3: Barua ilikuwa siri ya mwandishi na mpokeaji

*Si kweli.*

Barua kutoka Marekani ilipofika, habari zilienea kabla haijafunguliwa. Majirani walikusanyika jioni, mwenye kujua kusoma akaisoma kwa sauti, na kila mtu akasubiri asikie kama ametajwa. Orodha ndefu za salamu zinazomchosha msomaji wa leo zilikuwa na kazi yake. Aliyeachwa nje ya orodha aliondoka ameumia, na mwandishi alilijua hilo.

Mwanzo wa barua nao ulifuata desturi: natumia nafasi hii kukuandikia mistari michache, nikitumaini itakukuta mzima kama inavyoniacha mimi, Mungu ashukuriwe. Yeyote aliyewahi kuandika kwamba yeye ni buheri wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali, anaielewa desturi hiyo bila kufafanuliwa. Ilikuwa adabu, na ilikuwa habari ya kwanza ambayo chumba kizima kilitaka kusikia: kwamba mtu wao yu hai.

Kwa hiyo mwandishi alipima maneno. Mimba isiyotarajiwa, ulevi wa kaka, kazi iliyopotea: haya hayakuandikwa kirahisi katika karatasi itakayosomwa mbele ya kijiji. Ukimya ndani ya barua ni sehemu ya barua.

Dai la 4: Waliandika kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya nyumbani

*Si kweli kwa wengi.*

Katika wilaya za magharibi kama Mayo, Galway, Kerry na Donegal, maelfu kwa maelfu walikulia katika Kiayalandi. Mama alibembeleza mtoto kwa lugha hiyo, na mzee alisali kwa lugha hiyo. Lakini shule za taifa zilifundisha kusoma na kuandika kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba barua zilizoandikwa kwa Kiayalandi ni chache sana kati ya zilizobaki.

Fikiria safari ya neno moja. Binti aliye Boston anawaza kwa Kiayalandi, anaandika kwa Kiingereza alichojifunza darasani, na huko kijijini msomaji analigeuza tena liwe la Kiayalandi ili mama aelewe. Ni haki kusema kwamba sehemu ya mapenzi yale ilipotea njiani, na kosa halikuwa la binti wala la mama. Ni gharama waliyolipa watu walionyimwa maandishi ya lugha yao.

Dai la 5: Kila barua ya Marekani ilikuwa na pesa

*Kweli kwa sehemu kubwa, ila si kila barua.*

Makamishna wa uhamiaji wa serikali ya Uingereza walikadiria kwamba mwaka 1848 wahamiaji wa Amerika Kaskazini walituma pauni 460,000, sehemu kubwa kwa Waayalandi. Mwaka 1853 kiasi kilipita pauni milioni 1.4. Na hizo ni zile zilizopita kwenye mabenki na kwa wafanyabiashara waliotoa taarifa. Noti iliyokunjwa ndani ya bahasha haikuhesabiwa na mtu. Jijini New York, mwaka 1850, Waayalandi walianzisha benki yao ya akiba, Emigrant Savings Bank, na moja ya shughuli zake ilikuwa kupeleka pesa nyumbani.

Pesa zilifanya kazi tatu kubwa. Kwanza zililipa kodi ya shamba, kwa kuwa wakulima wengi walikuwa wapangaji na kushindwa kulipa kulimaanisha kufukuzwa. Pili zilifuta deni la dukani. Wenye maduka walikopesha unga, chai na tumbaku wakijua kwamba karibu na Krismasi au Pasaka barua itafika. Tatu zilinunua safari. Sehemu kubwa ya fedha zilizotumwa ilikuwa tayari tikiti ya meli iliyolipiwa upande wa pili, yenye jina la ndugu anayefuata.

Hivyo dada alimvuta dada, na kaka akamvuta binamu. Tarehe 1 Januari 1892, Annie Moore wa Cork aliyekuwa na umri wa miaka 17 alikuwa mhamiaji wa kwanza kupokelewa katika kituo kipya cha Ellis Island. Alisafiri na wadogo zake wawili wa kiume, na wazazi wao walikuwa wameshatangulia New York. Familia ilihama kwa mafungu, na fungu lililotangulia ndilo lililofungua njia kwa lililofuata.

Lakini zilikuwepo barua tupu, na ziliuma. Peig Sayers, msimulizi mashuhuri wa Kiayalandi aliyezaliwa Kerry mwaka 1873, alikuwa akisubiri nauli kutoka kwa rafiki yake kipenzi aliyetangulia Marekani. Barua ilipokuja ilisema kwamba rafiki amepata ajali na hawezi kutuma chochote. Peig hakuondoka. Aliolewa katika kisiwa cha Great Blasket, na masimulizi yake ya huko ndiyo yaliyomfanya ajulikane. Bahasha moja isiyo na nauli iliamua maisha yake yote.

Dai la 6: Watoto wa kiume ndio waliobeba nyumba

*Si kweli.*

Katika uhamiaji mwingine mkubwa wa Ulaya, wanaume walitangulia na wake kufuata. Waayalandi walikuwa tofauti. Baada ya Njaa Kuu karibu nusu ya waliohama walikuwa wanawake, na wengi wao wasichana ambao hawajaolewa, waliosafiri peke yao au na dada zao.

Kazi yao kubwa katika miji ya Marekani ilikuwa utumishi wa ndani: kupika, kufua, kusafisha, kulea watoto wa wengine. Ilikuwa kazi ya kudharauliwa, na magazeti ya Marekani yaliwachora kwa kejeli. Ilikuwa pia na faida ambayo kaka zao waliochimba mifereji na kujenga reli hawakuipata: chakula na malazi vilikuwa juu ya mwajiri. Mshahara uliweza kuwekwa karibu wote, na uliwekwa kwa ajili ya nyumbani.

Wasichana hawa walilipa kodi za mashamba ambayo hawangeyarithi kamwe. Baada ya Njaa Kuu, desturi ilizidi kuimarika kwamba shamba liende kwa mwana mmoja bila kugawanywa. Binti akatuma pesa, kaka akabaki na ardhi. Kwa miaka mingi historia ilimsifu kaka kwa kuilinda ardhi ya baba. Sifa hiyo inamstahili zaidi dada aliyeamka saa 11 alfajiri kuwasha majiko ya watu jijini New York au Boston, na ni wakati wa kulisema hilo bila kusita.

Dai la 7: Barua ziliwadanganya watu kwamba Marekani ni pepo

*Si kweli kwa jumla.*

Zipo barua zilizojisifu, na zipo picha za msichana aliyevaa kofia na kanzu ya kupendeza ambazo ziliwatoa wengi kijijini. Ila mawakala wa meli na vitabu vya kuhamasisha uhamiaji ndivyo vilivyouza ndoto kwa bidii zaidi. Ndugu alikuwa na sababu nzito ya kusema kweli: atakayemwita atafikia chumbani kwake, atakula sahani yake, na ni yeye atakayemtafutia kazi. Aliyedanganya alijitwisha mzigo wa uongo wake.

Ndiyo maana barua nyingi zina ushauri wa tahadhari. Uchumi wa Marekani ulipoyumba mwaka 1857 na tena 1873, waandishi waliwaambia ndugu zao wangoje. Walieleza kwamba kijana mwenye nguvu atapata riziki lakini mtu wa makamo atateseka, kwamba msichana atapata kazi haraka kuliko kaka yake, na kwamba mwenye shamba linalomtosha ni afadhali abaki. Walitaja baridi kali, mabosi wakali na vifo vya kazini.

Je, wote walijiona wamefukuzwa kwao? Mwanahistoria Kerby Miller, katika kitabu chake *Emigrants and Exiles* cha 1985, alionyesha jinsi Waayalandi wengi walivyousimulia uhamiaji kama kutupwa nje ya nchi. Wanahistoria wengine wamempinga, wakisema wengi waliondoka kwa hesabu na matumaini. Barua zenyewe zinatoa ushahidi kwa pande zote mbili, na mara nyingine mtu mmoja anasema yote mawili katika ukurasa mmoja.

Dai la 8: Aliyeacha kuandika alikuwa amewasahau

*Si kweli, mara nyingi.*

Anza na gharama. Mkataba wa posta wa mwaka 1848 uliweka nauli ya barua nyepesi kati ya Marekani na Uingereza, Ayalandi ikiwemo, kuwa shilingi 1, yaani senti 24 za Marekani. Kwa kibarua wa mashambani wa Ayalandi hiyo ilikuwa zaidi ya ujira wa kutwa. Bei ilishuka polepole hadi peni 2 na nusu mwaka 1875, na peni 1 tu mwaka 1908.

Muda nao ulibadilika. Meli ya matanga ilivuka Atlantiki kwa wiki tano au sita, na kwenda Australia ilihitaji miezi mitatu au minne. Meli za mvuke zilipoanza kupitia Queenstown, bandari inayoitwa leo Cobh, kuanzia 1859, magunia ya posta yalifika Marekani kwa siku kumi hivi, baadaye pungufu ya hapo. Titanic yenyewe, tarehe 11 Aprili 1912, ilichukua abiria na posta hapo.

Lakini kilichowanyamazisha wengi hakikuwa stempu. Wengine walikufa kwa homa, wengine kwenye reli na mifereji. Waayalandi wapatao 150,000 walipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, na si wote waliokuwa na wa kuwaandikia. Wengine walihama kutoka mji hadi mji wakifuata kazi. Na wengine waliona aibu kutuma karatasi bila pesa, wakangoja mwezi ujao, kisha mwaka ujao, mpaka aibu ikawa kubwa kuliko deni. Barua nyingi zilizobaki zinaanza kwa kuomba radhi za namna hiyo.

Nyumbani na ng'ambo, watu hawakukata tamaa. Kuanzia Oktoba 1831 hadi 1921, gazeti la *The Pilot* la Boston lilichapa matangazo ya kuwatafuta waliopotea, makumi ya maelfu. Mke alimtafuta mume, dada alimtafuta kaka, wakitaja parokia alikozaliwa, mwaka alioondoka na kambi ya kazi alikoonekana mara ya mwisho. Kuweka tangazo kuligharimu pesa. Hakuna anayelipa kumtafuta mtu aliyemsahau.

Dai la 9: Waliobaki nyumbani walipokea tu

*Si kweli.*

Dai hili linatokana na kilichobaki makabatini. Barua zilizokwenda Ayalandi ziliingia nyumba moja ambayo familia ilikaa vizazi kadhaa, zikahifadhiwa. Zilizokwenda Marekani zilimfuata mtu wa vyumba vya kupanga na kambi za reli, zikachakaa au zikatupwa. Ndiyo maana tunamsikia sana aliyeondoka, na mama tunamsikia kwa mbali.

Mwanahistoria David Fitzpatrick alilishughulikia pengo hilo. Katika *Oceans of Consolation*, kilichotoka 1994, alikusanya barua 111 za uhamiaji wa Australia, zikiwemo zilizotoka Ayalandi kwenda huko. Humo waliobaki wanaonekana watu wenye kauli. Wanatoa bei za ng'ombe, wanaeleza nani ameolewa na kwa mahari gani, wanalaumu, wanaomba, wanaamua. Wazazi waliendelea kulea watoto wao kwa maandishi miaka mingi baada ya kuwaaga. Na kuwaaga kwenyewe kulikuwa kuzito: usiku wa mwisho uliitwa mkesha wa Marekani, kama mkesha wa msiba, kwa kuwa waliokusanyika walijua kwamba wengi wa wanaokwenda huko hawarudi. Katika hilo hawakukosea. Waayalandi walirudi kwao kwa uchache kuliko wahamiaji wengi wa Ulaya.

Jinsi ya kuzisoma leo

Kerby Miller alianza kukusanya barua hizi miaka ya 1970, familia kwa familia. Alizitoa zote kwa Chuo Kikuu cha Galway, na mwaka 2024 chuo kikafungua hazina ya mtandaoni iitwayo Imirce, yenye barua takriban 7,000, za tangu mwishoni mwa karne ya 17 hadi miaka ya 1950. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma bure.

Anayezifungua ajiulize maswali matatu: nani alishika kalamu, nani alikuwa akisikiliza, na pesa zilikwenda wapi. Maswali hayo matatu yanatosha kuondoa ukungu wa majonzi na kuwaonyesha watu wenyewe, hasa wasichana wa kazi za ndani waliosimamia familia kwa miaka 20 au 30 wakiwa ng'ambo ya bahari. Maswali hayohayo yanafaa pia kwa barua za nyumba yoyote iliyowahi kuwa na mtu wake mbali. Kama zipo kwenu, hifadhini za pande zote mbili, aliyekwenda na aliyebaki, na wazee waulizwe ni nani aliyekuwa akiandika, kwa kuwa hilo halikuandikwa popote kwenye karatasi.